Mnara Bubu: Jani Langoni

Wiki nzima, msomaji, umekula, umelala, umegombana na jirani na mkapatana. Leinasu muda wote huo tumemwacha mguu mmoja hewani juu ya jani la namele. Leo na aushushe, mama wa watu amechoka.

Kwa uliyekosa gazeti lililopita, nakuambia haraka haraka. Juu ya kilima cha kisiwa chetu cha Varima pana mnara wa simu. Nchi tatu rafiki ziliungana kutujengea. Uliongea kwa muda mfupi, ukanyamaza, na tangu hapo haujasema neno. Hatua moja mbele ya lango lake Chifu Tarimas alifunga majani mawili ya namele kwa kuyapishanisha, na jani hilo likishawekwa hapa kwetu hapiti mtu. Anayepita anatoa nguruwe mwenye pembe, na aibu yake inabaki hata baada ya nguruwe kuliwa.

Leinasu ni mjane, muoka mikate. Binti yake mkubwa, Merian, yuko Australia anachuma nyanya. Siku mnara uliponyamaza, Merian alikuwa hewani na mama yake, simu ikiwa kwenye spika kama tunavyoongea sote hapa, na wanawake wote waliokuwa kwenye tanuri la mikate walimsikia: "Mama, usimruhusu Rosi—"

Ikakatika. Rosi ni mdogo wake. Asubuhi ya leo Rosi, pamoja na vijana wengine, amepanda meli ya kwenda Vila, mji wetu mkuu, ili amfuate dada yake.

Usimruhusu nini? Hilo ndilo lililompandisha Leinasu kilimani, siku ambayo wafadhili wamekuja kusherehekea mwaka mmoja wa mnara bubu.

"Leinasu! Rudisha mguu!" Chifu Tarimas alifoka. Chifu ni mjomba wake, kaka wa mama yake, na hajawahi kumfokea mbele za watu.

"Mjomba, faini yako hii hapa."

Akamtupia kamba. Upande wa pili wa kamba alisimama dume la nguruwe mwenye pembe zilizopinda karibu kufunga duara, yule aliyemlea miaka yote kwa ajili ya harusi ya Rosi.

"Nimelipa kwanza. Sasa napita."

Kilima kizima kikaguna. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona mtu akilipa faini halafu ndiyo afanye kosa, na kila mmoja alisubiri mwenzake aseme kama inaruhusiwa.

Mguu ukashuka. Upande wa lango.

"Shemeji!" Toara alikuja mbio, shati lake jipya la maua likimpepea. "Shemeji, unatuaibisha mbele ya wageni! Toka humo!"

Toara ni mdogo wa marehemu mume wa Leinasu. Ndiye wakala anayewapeleka vijana wetu mashambani Australia. Ameishi Vila na Brisbane, simu anaiweka sikioni na kunong'ona, na sisi tunaopiga kelele kwenye spika anatucheka kila siku.

"Fungua kufuli, Toara. Ufunguo unao wewe."

"Jani la chifu hulioni?"

"Nimeliona. Nimelilipia. Fungua."

"Ufunguo nimeuacha Vila."

"Basi kaa nao."

Akainua panga lake la kukatia kuni. Pigo la kwanza likateleza. La pili likachomoa pete ya kufuli, na lango la waya likafunguka kwa mlio ambao kilima hakijausikia muda mrefu. Chini ya mnara lilikuwapo kabati la chuma, lile la betri. Leinasu akavuta mlango wake kwa mikono miwili.

Ndani alikuwamo kuku, amelalia mayai.

Betri hakuna. Hata moja. Nyaya zimekatwa, zimekunjwa vizuri pembeni, na huyo kuku akawatazama watu wote kwa dharau, maana peke yake kisiwa kizima ndiye aliyekuwa hajali jani la namele.

Nyuma ya umati mtu mmoja akacheka. Halafu hakucheka tena.

Leinasu akageukia turubai la wageni. Walikuwa watatu, shingoni wamevishwa mashada ya maua, na watu wetu walikuwa wamekwisha kuwapa majina: Bwana Nguzo, ambaye nchi yake ilileta mnara, Bi Betri, ambaye nchi yake ilileta umeme, na Bwana Mafunzo, ambaye nchi yake ilileta semina. Wote wanaongea lugha yetu, Bislama, kwa kuokoteza.

"Mmekuja kusherehekea nini?" Leinasu aliwauliza. "Huyu kuku?"

"Mama, tusikasirike," Bwana Nguzo alisema. "Sisi tulitoa nguzo. Nguzo imesimama. Imeanguka?"

"Na betri?"

"Betri ni za huyu."

"Betri tulikabidhi," Bi Betri alisema, uso umemwiva. "Lango si letu. Lango ni la mwenye nguzo."

"Lakini hamkuona kwamba hauongei? Sisi tumekaa gizani na watoto wetu wako ng'ambo, nyinyi hamkuona?"

Bi Betri akatazama viatu vyake. "Kwenye kompyuta yetu mnara huu una alama ya kijani tangu siku ulipozinduliwa."

"Njoo basi umwambie kuku kwamba ana alama ya kijani!"

Wanawake wakapiga makofi. Mimi nami napiga, hapa ninapoandika. Nchi tatu, bendera tatu, hotuba tatu, na mtu wa kuja kuchungulia kabati hakuna!

"Sisi tulitoa mafunzo," Bwana Mafunzo aliingilia, akiwa na hamu ya kusaidia. "Tulimfundisha msimamizi mmoja wa hapa hapa. Alifaulu vizuri sana. Tulimkabidhi na ufunguo."

"Msimamizi gani?"

Bwana Mafunzo akatabasamu, akanyoosha mkono kumwonyesha Toara.



Chifu Tarimas alikuwa bado ameshika kamba ya nguruwe. Akasogea taratibu mpaka alipokuwa Toara. "Wewe ndiye uliyekuja kwangu," alisema. "Ukaniambia vijana wanapanda mnara usiku, wanachezea nyaya. Ukaniambia, chifu, weka namele mpaka mafundi waje. Nikaweka."

"Na ni kweli, chifu! Wezi wameingia hata hivyo. Dunia imeharibika, siku hizi jani haliheshimiwi!"

"Liliheshimiwa," Leinasu alisema. "Hilo ndilo kosa letu. Hakuna aliyechungulia."

Akamwendea shemeji yake.

"Friza yako inatumia umeme gani?"

"Friza gani?"

"Unazo ngapi? Ile ya dukani kwako, unayotuuzia barafu."

"Betri zangu mwenyewe. Mshirika wangu wa Brisbane alinitumia. Niliwaambia wote."

"Zilikuja na meli?"

"Sasa zingekuja kwa miguu?"

Leinasu akawageukia watu. "Nani aliziona zikishushwa?"

Hapo ndipo Toara alipojimaliza. Varima meli ikitia nanga habaki mtu nyumbani. Tunashuka sote ufukweni, tunapokezana mizigo mkono kwa mkono, na tunajua nani kaletewa gunia la mchele na nani kaletewa chupi. Betri kubwa zinazobebwa na watu wawili wawili zingeshuka kwenye boti, mtoto wa kunyonya angejua. Aliyekaa mno Vila alisahau.

Madlen, jirani wa Leinasu, akainua mkono. "Mimi sikuziona."

"Hata mimi."

"Mimi ndiye napanga mizigo. Hazikuja."

Vijana hawakungoja kutumwa. Walishuka kilima mbio, na walipopanda tena walikuwa wamezibeba kwa miti, zinanuka samaki, na ubavuni mwa kila moja ilibandikwa bendera ya nchi ya Bi Betri. Toara hakuwa hata amejisumbua kuibandua.

Tulikuwa tukilamba barafu. Naisema tena ili iniume vizuri. Watoto wetu ng'ambo walikuwa wakipiga simu, na sisi tulikaa kwenye kibaraza cha mwizi tunalamba barafu ya betri zetu na kumwambia ahsante.

Toara akapiga magoti.

"Nimekosa," alisema, na machozi yakamtoka. Anajua kulia, huyo bwana. "Nimekosa, chifu. Nimekosa, shemeji. Nilizikopa tu. Nilitaka kisiwa kipate barafu. Natoa nguruwe watatu, natoa mikeka, tupeane mikono leo leo."

Na wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali! Mmoja akasema kijana amekiri. Mwingine akasema mikeka iletwe nakamali, kwenye banda la baraza, kinywaji cha kava kikamuliwe, jambo liishe. Bwana Nguzo alipotafsiriwa alifurahi sana, akasema huu ndio uzuri wa mila, akaomba wapige picha.

"Hakuna kupeana mikono," Leinasu alisema. "Nataka kwanza kumsikia mwanangu."

"Leinasu, mtu akiomba radhi—"

"Mjomba, Merian hakumaliza kusema. Rosi yuko melini. Washeni kwanza huo mnara."

Chifu akamtazama mpwa wake, akamtazama nguruwe. "Washeni," alisema.

Wageni walikuja na fundi kutoka Vila, bwana mmoja mnene asiye na maneno. Bwana Nguzo akaanza kusema kwamba kugusa betri si jukumu la nchi yake, na Bi Betri akasema kuingia ndani ya ua si jukumu la yake, na fundi akawapita wote wawili na koleo mkononi. Kuku akatolewa pamoja na mayai yake. Toara aliomba ruhusa ya kushuka kuchukua mikeka. Hakuna aliyemzuia, maana mtu aliyepiga magoti kwetu hafuatwi. Kosa la pili.

Chini ghubani meli ilipiga honi ya kwanza.

Fundi akakaza, akapuliza, akakaza tena. Juu ya mnara taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka ikatulia. Simu mfukoni mwa Madlen ikalia. Ikalia ya chifu. Zikalia zote kilima kizima, ujumbe juu ya ujumbe, matangazo ya vocha, salamu za Krismasi iliyopita, na watu wakawa wanacheka na kulia na kugongana vichwa wakitafuta miwani.

Ya Leinasu ililia mwisho. Ujumbe mmoja wa sauti. Merian.

Akaweka spika, akaishika mbele ya kidevu, na wanawake wakamzunguka kama kawaida.

"Mama, nimetuma nyingi, sijui ipi itafika." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejificha. "Baba mdogo alichukua pasipoti zetu tulipofika. Simu zote amechukua, hii nimeificha kwenye unga. Tunalala ndani ya kontena. Pesa wanakata yote, wanasema tunadaiwa. Kalina ameumia mkono kwenye mashine, umevimba, hawampeleki hospitali."

Madlen akapiga ukelele. Kalina ni wa kwake.

"Tulisema tutawaambia nyumbani. Baba mdogo akacheka. Akasema semeni, mnara nimeuzima mwenyewe, mtasema na nani? Mama, anarudi kuchukua wengine. Usimruhusu Rosi apande. Mwambie kila mama. Usimruhusu Rosi apande."

Ikaisha.

Kumbe friza ilikuwa kisingizio, na machozi na mikeka pia. Aliiba betri ili tusisikie watoto wetu wakilia, na faida ya barafu akaipata bure juu yake. Na kila alipokuja na meli alituletea salamu: Merian hajambo, Kalina amenenepa. Mtu wa namna hiyo aitweje? Gazeti hili linasomwa na watoto, kwa hiyo jina lake halisi nalimeza.

Chifu Tarimas alilitazama jani lake langoni. Akalichana kwa mikono yote miwili, akalitupa chini, akalikanyaga. Mzee yule, ambaye tangu kuzaliwa hajakanyaga namele hata la mtu mwingine.

"Alilifanya jani langu kuwa kufuli lake," alisema.

Bi Betri alikuwa ameketi chini na gauni lake la sherehe. Bwana Nguzo alikuwa amerudisha kamera mfukoni.

Honi ya pili.

"Mpigie!" Madlen alimtikisa Leinasu bega. "Mpigie Rosi ashuke! Wote washuke!"

Akakosea namba, akaanza upya. Simu ikaita. Ikaita.

"Haloo."

Haikuwa sauti ya Rosi.

"Ah, shemeji," Toara alisema. Injini ya meli ilinguruma nyuma yake. "Naona mmewasha. Hongera. Rosi yuko hapa, anakula biskuti. Simu yake nimemtunzia, asije akaidondosha majini."

Leinasu alifungua mdomo. Chifu akamgusa mkono: ngoja.

"Najua umepata ujumbe wa yule mtoto wako mwenye mdomo," Toara aliendelea, kwa mnong'ono wake wa Brisbane. "Kwa hiyo tuongee kama ndugu, mimi na wewe tu. Waambie wenzako Merian anawasalimia. Basi. Mimi namteremsha Rosi kwenye boti ya mwisho, unalala naye nyumbani leo. Umenisikia?"

"Nakusikia."

"Ukisema neno, Rosi humwoni."

"Na watoto wa wenzangu?" Leinasu aliuliza. Alikuwa akimtazama Madlen machoni. "Walioko hapo melini? Na Kalina huko mashambani?"

Toara akacheka.

"Wale mama zao ni mbumbumbu, shemeji. Ukiwapa barafu wanakupa mtoto. Sema anawasalimia, watafurahi, watakupigia na makofi. Na huyo mzee Tarimas niachie mimi, nikimpelekea kava ataniwekea jani popote ninapotaka."

Hakuna aliyesogea kilimani. Umati ule wote, simu moja mbele ya kidevu, spika hadi mwisho. Tunaongea hivyo sisi, tangu simu ya kwanza ilipokuja. Alitucheka kila siku.

"Shemeji? Mbona kimya? Upo na nani?"

Chifu Tarimas akainamia simu.

"Yupo na mimi," alisema. "Yupo na mama yake Kalina. Yupo na Varima yote. Sema tena lile la barafu, kuna wazee huku nyuma hawakusikia vizuri."

Ilisikika injini tu, na pumzi ya mtu.

Halafu kishindo, kitu kikianguka, na sauti nyingine, kali, ya karibu mno.

"Mama! Mama, ni mimi! Wametufungia chini! Mama, hii meli haiendi Vi—"

Ikakatika.

Wote wakainua macho juu ya mnara. Taa ilikuwa ikiwaka, nyekundu, imetulia. Safari hii mnara haukuwa na kosa.

Leinasu alikuwa wa kwanza kugeuka kuitazama ghuba, panga bado mkononi. Nanga ilikwisha kupanda. Meli ilijipinda taratibu kwenye maji, ikaupita mwamba, ikanyoosha pua yake.

Vila iko kusini. Meli ilishika kaskazini.